Saa ya Baba Imekwaruzika: Tuisugue au Tuiache?

Mwezi huu tunaweka kando kidogo homa za watoto na lishe ya wajawazito. Nimepokea barua kutoka kwa mama mjane, na jina lake tunalihifadhi kama alivyoomba. Anaandika hivi:

"Marehemu mume wangu alipostaafu mwaka 1996, kazini kwake walimzawadia saa ya mkononi aina ya Omega, ya chuma yenye sehemu za rangi ya dhahabu. Nyuma wameandika jina lake na miaka 31 ya utumishi. Aliivaa kila siku, hata shambani, mpaka alipofariki mwaka juzi. Sasa kioo kina mikwaruzo na mkanda umefifia. Mwanangu wa kwanza anafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili na anataka kuivaa siku hiyo. Amepata fundi anayesema ataisugua kwa mashine iwe kama imetoka dukani leo. Baba yao mdogo aliposikia alikasirika sana. Anasema, mkiisugua saa ya kaka yangu mtakuwa mmemfuta. Wote wawili wananitazama mimi. Dada muuguzi, nifanyeje?"

Mama mpendwa, pole sana kwa msiba, na hongera kwa harusi inayokuja. Huenda umeniandikia mimi kwa sababu muuguzi na saa hawaachani. Bila mshale wa sekunde hatuwezi kuhesabu mapigo ya moyo wala pumzi za mtoto mwenye nimonia. Basi nitakujibu kama tunavyofundishwa wodini: kwanza mtazame mgonjwa, kisha ndipo umguse.

Kwanza isafishe, usiisugue

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kuchakaa ni uchafu tu. Jasho, mafuta ya ngozi, sabuni na vumbi hujikusanya kwenye maungio ya mkanda na pembezoni mwa kioo, na saa nzima ikaonekana imefubaa. Chukua kitambaa laini cha pamba, kile cha kufutia miwani kinafaa sana. Kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji, kikamue mpaka kiwe na unyevu tu, kisha uifute saa polepole. Kwenye maungio ya mkanda wa chuma tumia mswaki laini wa mtoto. Malizia kwa kitambaa kikavu.

Usiiweke saa chini ya bomba, hata kama nyuma imeandikwa kwamba haiingii maji. Ndani ya saa kuna raba nyembamba zinazozuia maji, nazo huzeeka na kukakamaa. Saa iliyopewa mtu mwaka 1996 na haijafunguliwa miaka mingi tuichukulie kuwa inaingiza maji mpaka fundi aipime.

Na hapa, akina mama, nawaomba sana. Majivu, mchanga, waya wa kusugulia sufuria, unga wa kusugulia sinki, limau na msasa visiikaribie saa. Sufuria ni nene na inavumilia. Saa haivumilii. Vilevile spiriti ya hospitali na dawa ya kuondolea rangi ya kucha si za kufutia kioo cha saa. Kama kioo ni cha plastiki, dawa ya kucha itakiyeyusha, na spiriti inaweza kukitia nyufa ndogo ndogo ambazo hazitoki tena.

Kipo kioo cha namna gani?

Baada ya kuisafisha, itazame saa dirishani kwenye mwanga wa asubuhi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Kama ukucha unapita bila kukwama, mkwaruzo ni wa juujuu. Kama ukucha unanasa, mkwaruzo ni wa kina, na hiyo ni kazi ya fundi.

Vioo vya saa ni vya namna tatu, na kila kimoja kina tiba yake. Wataalamu wa mawe hutumia kipimo cha ugumu kilichoanzishwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Kinaanzia 1, kwa jiwe laini kabisa, mpaka 10, ambayo ni almasi. Kitu chenye namba kubwa hukikwaruza chenye namba ndogo. Mchanga wa kawaida, ule tunaoukanyaga shambani, una chembe zenye ugumu wa 7. Kumbuka namba hiyo.

Cha kwanza ni kioo cha plastiki ngumu iitwayo akriliki. Ugumu wake ni kama 3 tu, hivyo kinakwaruzika kwa urahisi. Ukikigusa hakina ubaridi wa kioo, na ukikigonga kwa ukucha kinatoa sauti nzito ya plastiki. Saa nyingi za zamani zina kioo hiki, hata za gharama kubwa. Omega Speedmaster, ambayo NASA ya Marekani iliikubali mwaka 1965 na wanaanga wakaivaa mwezini mwaka 1969, ilikuwa na kioo cha plastiki. Sababu yake ni kwamba kikigongwa hakimwagi vipande vya vioo ndani ya chombo. Kwa hiyo usikidharau.

Cha pili ni kioo cha kawaida kilichokomazwa kwa joto au kwa kemikali. Ugumu wake ni kati ya 5 na 6. Angalia sasa: mchanga ni 7. Ndiyo maana mtu anayelima na saa mkononi, kioo chake hujaa mikwaruzo.

Cha tatu ni yakuti samawi. Wanaosoma Ufunuo wanalijua jina hilo katika misingi ya Yerusalemu mpya. Ile ya saa haichimbwi, inakuzwa kiwandani. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga kwa moto mkali na kukuza yakuti, na kazi hiyo ikafungua njia ya vito vya kiwandani tunavyoviona leo. Ugumu wa yakuti ni 9. Mchanga hauiwezi, ila almasi inaiweza.

Sasa tiba. Kioo cha plastiki unaweza kukitibu nyumbani, kama mikwaruzo ni ya juujuu:

1. Funika chuma kinachozunguka kioo kwa gundi ya karatasi ili dawa isikiguse.

2. Tia dawa ya meno nyeupe, kiasi cha punje ya mchele, kwenye kitambaa laini. Isiwe ile ya jeli. Zipo pia dawa maalumu za kung'arishia vioo vya plastiki kwenye maduka ya mafundi saa, nazo ni bora zaidi.

3. Sugua taratibu kwa kuzungusha, dakika mbili au tatu, bila kukandamiza.

4. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, tazama. Kama bado, rudia mara moja au mbili.

Dawa ya meno inafanya kazi kwa sababu ina unga laini unaolaza kingo za mkwaruzo. Maana yake inaondoa plastiki kidogo. Kwa hiyo usiifanye kazi ya kila Jumamosi.

Kioo cha kawaida kilichokomazwa usihangaike nacho nyumbani. Dawa ya meno haitakitoa mkwaruzo, na kukisugua kwa unga wa kiwandani ni kazi ndefu inayoweza kukiacha na mawimbi. Mara nyingi ni nafuu zaidi fundi akubadilishie kioo kuliko kukisugua.

Kioo cha yakuti nacho kina siri yake. Mara nyingi mstari unaouona si mkwaruzo. Saa imejigonga kwenye kitasa au kwenye geti, na kwa kuwa yakuti ni ngumu kuliko chuma, chuma ndicho kilichoacha alama juu ya kioo, kama penseli juu ya karatasi. Futa kwa kitambaa chenye unyevu na uvumilivu, inaweza kutoka yote. Vingine vimepakwa utando mwembamba wa kuzuia mng'ao, na utando huo ndio uliochubuka. Ikiwa yakuti yenyewe imekwaruzika, dawa yake ni kubadilisha kioo.

Kama mama hujui cha kwako ni kipi, usijaribu kwa msumari. Muulize fundi saa. Ana uzoefu, na wengine wana kifaa cha kupimia.

Chuma na dhahabu: hapa ndipo penye shauri

Wengi tunadhani kung'arisha chuma ni kama kupaka losheni, kwamba kitu kinaongezwa na ufa unajazwa. Sivyo. Mashine ya fundi inakwangua chuma chote kilicho juu ili kifike usawa wa chini ya mkwaruzo. Kila saa inapong'arishwa, inapungua. Ikifanywa mara moja na mtu mwenye ujuzi, madhara ni madogo. Ikifanywa mara tatu na mtu wa haraka, pembe kali za saa zinakuwa mviringo, miguu inayoshika mkanda inakonda, na maandishi yanafifia. Wanaokusanya saa za zamani duniani wanalijua hili, na mara nyingi hutoa bei kubwa zaidi kwa saa yenye mikwaruzo yake kuliko iliyosuguliwa ikang'aa.

Tena chuma cha saa nzuri kina sura mbili. Kuna sehemu zinazong'aa kama kioo, na sehemu zenye mistari myembamba sana inayokwenda upande mmoja, kama mbao iliyopigwa randa. Fundi asiyejua atazing'arisha zote zifanane. Ukiiangalia utasema inameta, lakini sura aliyoivaa baba haipo tena.

Kuhusu dhahabu, ulizia kwanza. Dhahabu tupu ya karati 18 hugongwa muhuri wa 750, maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Lakini saa nyingi zimechovywa tu. Utando wa dhahabu wa saa iliyochovywa vizuri unaweza kuwa mikroni 10 au 20, na unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Pima mwenyewe hapo. Mashine ikipita juu ya utando huo, dhahabu inaondoka na chuma cha chini kinatokea, na dawa ya meno ikizoeleka nayo itaufikisha huko huko polepole.

Hapa nasema pia kama muuguzi. Chini ya dhahabu iliyochovywa mara nyingi kuna madini ya nikeli. Ngozi za watu wengi haziipatani nayo, na wanawake ndio wanaoathirika zaidi. Umoja wa Ulaya uliona tatizo ni kubwa hata ukaweka kanuni mwaka 1994 kuzuia nikeli kwenye vitu vinavyogusa ngozi. Kama mtu akivaa saa iliyochubuka anawashwa, na upele mwekundu unachukua umbo la saa yenyewe, ajue si uchawi wala si uchafu wa damu. Aivue, aoshe mkono na kuukausha, na asiivae tena mpaka sehemu inayogusa ngozi ishughulikiwe. Upele ukitoa maji au ukiuma, afike kituo cha afya.

Jibu langu kwa mama yetu

Mama, mwanao hana kosa, na shemeji yako hana kosa. Kijana anataka siku ya harusi asimame na baba yake mkononi, na isionekane kama ameiokota. Baba mdogo anaogopa kumpoteza kaka yake mara ya pili. Fanya hivi.

Kabla ya mtu yeyote kuigusa, piga picha saa nzima, mbele, nyuma na pembeni. Weka karatasi nyembamba juu ya maandishi ya nyuma, sugua penseli polepole, na maneno yatatokea kwenye karatasi. Hiyo iweke pamoja na vyeti vyake. Hata ikitokea ajali, jina na miaka 31 havitapotea.

Kisha isafishe kama nilivyoeleza. Waite wote wawili wakae, uwaonyeshe. Mara nyingi ugomvi wa namna hii hupungua nusu baada ya sabuni na maji.

Kioo kibadilishwe au kisafishwe kulingana na aina yake. Kioo hakina maandishi wala kumbukumbu, kazi yake ni kuonyesha saa. Sidhani baba mdogo atakataa hilo. Fundi akiifungua, akague na raba za kuzuia maji.

Kifuniko cha nyuma kisiguswe na mashine kamwe. Chuma cha mbele na mkanda, nakushauri viachwe kama vilivyo. Mikwaruzo ile midogo ni jembe lake, meza yake ya ofisi na geti la nyumba yenu. Kama kijana bado ana hamu, baada ya harusi mnaweza kuketi tena. Saa isiyosuguliwa inaweza kusuguliwa kesho, lakini iliyosuguliwa haiwezi kurudishiwa chuma chake. Palipo na wasiwasi, chagua lile linaloweza kurekebishwa baadaye. Hata wodini tunaenda hivyo.

Kuhusu yule fundi, mpime kwa maswali. Je, anajua tofauti ya sehemu zinazong'aa na zenye mistari? Atatoa mashine ya saa nje kabla ya kusugua, au atasugua na kila kitu kikiwa ndani? Atakuandikia risiti yenye namba za saa? Akicheka maswali yako, ichukue saa yako uondoke. Andika namba zilizochongwa kwenye saa kabla ya kuiacha, ili iliyorudi iwe ndiyo uliyoipeleka. Hata ukiipeleka kwa wakala wa kiwanda, omba waandike kwenye fomu kwamba isisuguliwe, maana kwa wengi kung'arisha ni sehemu ya matengenezo ya kawaida na watafanya bila kukuuliza.

Onyo kuhusu saa za babu

Baadhi yenu mna saa za zamani zaidi, za mababu waliokuwa vitani au waliofanya kazi za serikali enzi za ukoloni. Kama saa ni ya kabla ya miaka ya 1960 na namba zake zilikuwa zikiwaka gizani, inawezekana zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi. Huko Marekani, wasichana waliopaka namba hizo viwandani kuanzia mwaka 1917 walifundishwa kuchonga brashi kwa midomo. Wengi waliugua taya na mifupa, na wengine walikufa. Watano walishtaki huko New Jersey, na kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka 1928.

Radiamu huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Kwa hiyo saa inaweza kuwa haiwaki tena na mionzi bado ipo. Ikiwa imefungwa na kioo chake ni kizima, hatari yake ni ndogo. Hatari ni kuifungua, kuikwangua namba, au kuwapa watoto waichezee. Usiisafishe ndani, na fundi mwambie umri wake kabla hajaifungua.

Kuzuia ni bora kuliko tiba

Vua saa unapofua, unapokanda unga, unapodeki na unapolima. Vua pia unapomhudumia mgonjwa au kuosha kidonda nyumbani, kwa sababu maji na sabuni haviifikii ngozi iliyo chini ya mkanda, na vijidudu hujificha hapo. Uingereza mwaka 2007 iliagiza wahudumu wa hospitali kuacha mikono wazi kuanzia kiwiko, bila saa wala bangili, kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana sisi wauguzi tunaibandika yetu kifuani.

Usiichanganye saa na pete na hereni kwenye kikopo kimoja. Pete ya almasi inaikwaruza hata yakuti. Ifunge peke yake kwenye kitambaa laini. Usiilaze kwa uso juu ya meza, na usivae bangili ya chuma mkono ule ule.

Mama yetu, siku ya harusi mfungie kijana saa hiyo mkononi wewe mwenyewe, na umwombe baba yake mdogo asimame karibu. Kisha utuandikie fundi alisema nini kuhusu kioo, ili wengine nao wajifunze.

Mwezi ujao nitajibu maswali yenu mengi kuhusu mtoto anayekataa kunywa maziwa baada ya kuachishwa ziwa. Endeleeni kuandika. Kaeni salama.